Moto Katika Miwa ya Jirani

Sijawahi kuwa mtu wa kuamini haraka. Mke wangu, alipokuwa hai, alikuwa akisema kwamba hata nikipewa salamu lazima niigeuze kwanza nione upande wa chini. Alisema kwa kunicheka, lakini hakukosea. Kwa miaka ishirini na kitu nilikuwa msimamizi wa mashamba katika kampuni moja ya sukari, nikizunguka kwa pikipiki kuanzia Ekero hadi vijiji vya huku kwetu, na sehemu kubwa ya kazi ile ilikuwa kutowaamini watu. Mkulima anakuambia miwa yake ina miezi kumi na minane, wewe unahesabu vifundo. Anakuambia ni ng'ombe wa jirani walioingia, wewe unatafuta kwato. Na akikuambia shamba limeungua kwa bahati mbaya, hapo unashuka kwenye pikipiki, unavua kofia na kuanza kazi hasa.

Asiyeishi katikati ya miwa huenda asielewe, kwa hiyo nieleze. Miwa iliyoungua haingoji. Ikikaa siku chache baada ya moto utamu wake unaharibika, na kampuni inalazimika kuleta wakataji na trela mara moja. Miwa ambayo haikuguswa na moto hungoja zamu, na zamu inaweza kuchelewa mpaka miwa itoe maua na kuanza kukauka katikati. Mkulima aliyechoka kungoja anaweza kuchukua kiberiti, akachoma shamba lake mwenyewe, kisha akapiga mayowe kama aliyevamiwa. Kabla ya wiki kuisha miwa imekatwa na kubebwa. Kampuni inauita huo udanganyifu. Kanisani kwetu unaitwa dhambi, kwa sababu kuna uongo ndani yake na kuna hatari kwa shamba la jirani.

Nilipostaafu, tabia ya kazini haikustaafu. Niliihamishia kanisani. Nilichaguliwa mzee wa kanisa, na jukumu langu kubwa lilikuwa kuongoza ile dakika ya kimya kabla ya Meza ya Bwana, ambapo kila mtu anatakiwa kuutazama moyo wake. Ningesimama mbele na kusema kwa sauti nzito, "Kila mmoja ajichunguze," na vichwa vyote vingeinama. Mimi sikuinamisha changu. Nilitumia dakika ile kutazama. Nilitaka kujua nani anainama haraka sana, nani anainama kwa shida, nani ana mikono inayotetemeka. Nilikuwa na orodha kichwani ya watu ambao, kwa maoni yangu, hawakupaswa kuigusa Meza. Jina langu halikuwamo.

Jirani yangu alikuwa mjane, na shamba lake la miwa lilipakana na langu. Kati yetu kulikuwa na njia ndogo ya miguu tu. Alikuwa rafiki mkubwa wa mke wangu. Waliimba pamoja kwenye kikundi cha akina mama, walichota maji pamoja, na mke wangu alipougua ni yeye aliyekuja kila siku kumlisha uji. Mimi nilimshukuru kama inavyopasa, lakini hata wakati ule nilijiuliza anatafuta nini. Miwa yake ilikuwa imezidi umri. Ilikuwa imetoa maua meupe juu na majani ya chini yote yalikuwa makavu, na kibali cha kukata hakikuja. Kila akiniona angeniuliza kama najua mtu huko kampuni. Ningemjibu kwamba nimestaafu, angoje zamu kama wengine.

Moto ulitokea Alhamisi moja ya mwezi wa pili, saa nne asubuhi. Nilisikia kwanza mlio wake, ule wa majani yanayopasuka, halafu nikaona moshi ukipanda juu ya paa langu. Nilitoka mbio na panga nikiwa na viatu vya ndani. Mjane alikuwa kwenye njia ndogo, kitambaa kimefungwa puani, ameshika tawi bichi la mpera, anapiga kila cheche iliyojaribu kuvuka kuja kwangu. Watu walikuja na madebe ya maji. Kwangu halikuungua jani hata moja. Alasiri mvua ilinyesha, kama kawaida ya huku, ikazima vilivyobaki.

Majirani walimpa pole. Mimi pia nilimpa pole, huku macho yangu yakiwa chini.

Asubuhi yake, kabla hata ya chai, nilikuwa ndani ya shamba lile nikitembea na fimbo. Hakuna aliyenituma. Jambo la kwanza nililoliona lilikuwa kinga moto. Upande wote unaopakana na shamba langu mtu alikuwa amekata mistari minne ya miwa mpaka chini, na majani makavu yalikuwa yamerudishwa ndani, mbali na njia. Ile haikuwa kazi ya siku moja. Jambo la pili: moto uliwashwa kutoka upande ambao upepo unaelekea, ili utambae polepole na usimshinde mtu. Jambo la tatu ni saa yenyewe. Saa nne umande umekauka, upepo wa mchana haujaanza, na mvua ya alasiri iko njiani. Nilisimama katikati ya majivu nikahisi ile furaha ya zamani ya kazini, ya kumshika mtu. Nilijiambia kwamba huu ndio uzoefu, kwamba mtu mwingine angepita hapa asione kitu.

Wakataji walikuja Jumatatu. Kufikia Jumatano trela la mwisho lilikuwa limeondoka, na Jumatano hiyo hiyo nilimweleza mchungaji.

Sikumweleza kwa pupa. Nilimwambia kwamba nina mzigo moyoni, kwamba ningependa nisiseme, kwamba mama yule ni jirani yangu na mke wangu alimpenda. Kisha nikamweleza mistari minne, upepo, na saa. Mchungaji wetu ni kijana mpole, anayependa mambo yaishe kwa maombi. Alishika kidevu akaniuliza, "Una hakika, mzee?" Nikamwambia kwamba kwa macho haya nimeona mashamba mengi yaliyoungua kuliko harusi alizofungisha.

Nilijua vizuri kulikuwa na harusi njiani. Kila mtu alijua. Binti wa kwanza wa mjane alikuwa anaolewa na kijana wa Mautuma, Jumamosi ya katikati ya mwezi wa nne, kanisani kwetu. Wageni wa Mautuma walikuwa wameshapokewa, tangazo lilikuwa limeshasomwa. Na kila mtu alijua sheria yetu: aliyetengwa anavua kitambaa cha kichwani cha akina mama, anakaa benchi ya nyuma karibu na mlango, hashiriki Meza, hasimami mbele kwa jambo lolote, wala hashuhudii. Kama mjane angetengwa kwa muda mrefu, binti yake angebarikiwa bila mkono wa mama yake juu ya kichwa chake. Baba alikuwa amekufa. Huyo mama ndiye aliyebaki.

Aliitwa mbele ya baraza la wazee Jumapili alasiri, kwenye chumba cha nyuma ya kanisa. Tulikuwa wazee saba pamoja na mchungaji. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi na viapo, maana nimewaona wakulima wakiapa kwa makaburi ya wazazi wao huku kiberiti kikitoa sauti mfukoni. Nilikuwa na maswali yangu yamepangwa.

Hakunipa nafasi. Mchungaji alipomuuliza tu kama ana lolote la kusema juu ya ule moto, alisema, "Ni mimi nilichoma. Siwezi wadanganya. Miwa ilikuwa inakauka na nilikuwa nimechoka kungojanga."

Nilikasirika, na nikisema ukweli, nilikasirika kwa sababu alikuwa ameniharibia kesi. Mtu anayekiri haraka namna hiyo ananitia wasiwasi kuliko anayekana. Nikauliza, "Na hiyo kinga moto, mistari minne, majani kurudi ndani. Ni nani alikufundisha?"

Hapo ndipo alipokawia. Alitazama sakafu, akakunja ncha ya kitambaa chake kidoleni, akakunjua. Kisha akainua macho akanitazama mimi, kwa muda mfupi tu.

"Hakuna mtu," akasema. "Nilifikiria tu mwenyewe."

Niliacha maswali yangu mengine yote. Naandika haya nikiwa mzee, na bado nayakumbuka yale macho yake. Kwa sababu katika wilaya nzima, kwa miaka yangu yote ya kazi, sikuwahi kuona shamba lingine lililochomwa kwa mistari minne, dhidi ya upepo, saa nne asubuhi. Isipokuwa moja.

Lilikuwa letu. Shamba lilikuwa kwa jina la mke wangu, na miwa yake ilikuwa imezeeka kama ya huyu mjane. Mimi nilikuwa msimamizi, na kujipa zamu mwenyewe kungeleta maneno ofisini. Kwa hiyo nilikaa nikapanga. Nilifikiria upepo, nikafikiria umande, nikamwonyesha mke wangu mahali pa kukata na jinsi ya kurudisha majani. Nilienda kazini asubuhi ile kama siku nyingine yoyote. Yeye aliwasha, akapiga mayowe, na mimi mwenyewe nikatumwa na ofisi kuja kuchunguza. Nilijaza fomu kwa mwandiko mzuri: moto ulisababishwa na wapita njia. Mke wangu hakuwa na amani baada ya pale. Mara tatu au nne aliniomba twende kwa mchungaji wa wakati ule tukatubu pamoja. Nilimwambia mambo ya kampuni si mambo ya kanisa, na mara ya mwisho nilimwambia kwa ukali, hakurudia tena.

Sikuwa nimesahau. Nataka hilo lieleweke. Nilipokuwa nimesimama kwenye majivu ya jirani nikijisifu kwa uzoefu, kuna sehemu yangu iliyojua ni uzoefu gani. Niliipita tu, kama unavyompita mtu unayemjua sokoni na hutaki akusalimie.

Baraza likaendelea. Mchungaji alisema kwamba kwa kuwa mama amekiri mwenyewe, na kwa kuwa alilinda shamba la jirani, yeye anapendekeza atengwe Jumapili nne. Nne zingeisha kabla ya harusi. Wazee wawili wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilikuwa bado namtazama mjane, nikifikiria jambo moja tu: anajua au hajui? Kama anajua, siku atakayorudishwa atasimama mbele kushuhudia, kama ilivyo desturi yetu, na aliyerudishwa anasemanga yote. Nilitaka siku hiyo iwe mbali.

"Nane," nikasema. "Huu moto ungeweza kuua mtu. Tukisema nne, kesho kila mtu atawasha."

Nilisema vizuri. Nilikuwa na sauti ya kanisa. Mmoja baada ya mwingine wakakubali nane, na mchungaji akaandika. Mjane alifungua kitambaa chake kichwani pale pale, akakikunja mara nne, akakiweka juu ya meza mbele yetu. Hakuuliza habari ya harusi. Alisema asante.

Wiki zilizofuata sikupata raha. Sikuwa na raha kwa sababu yeye hakubadilika. Alinisalimu kila asubuhi kutoka upande wake wa njia, "Mulembe, baba," na mimi nikawa naipima ile salamu. Je, alisema "baba" kwa uzito kuliko jana? Aliniletea mkungu wa ndizi. Niliuweka jikoni siku tatu bila kuugusa, nikijiuliza anataka nimfanyie nini. Nilimkuta siku moja akizungumza na mchungaji kwenye lango la kanisa, wakanyamaza nilipokaribia, nami nikakosa usingizi. Jumapili nilipokuwa nasimama mbele na kusema kila mmoja ajichunguze, nilikuwa na mtu mmoja tu wa kumtazama. Alikuwa kwenye benchi ya nyuma karibu na mlango, kichwa wazi, akiwa ameinama kama wengine. Kuinama kwake kulinichoma kuliko kama angenikodolea macho.

Nilijaribu kumpima. Nilimkuta kisimani nikasema, kama utani, kwamba marehemu mke wangu alikuwa na maneno mengi, sijui alimwambia yapi. Akacheka. "Huyo mama alinipendanga sana," akasema, akajitwisha ndoo. Nilirudi nyumbani na jibu hilo nikaligeuza upande huu na ule mpaka jioni. Halikuwa na upande wa chini.

Halafu, siku tisa kabla ya harusi, mchungaji akanitembelea. Alikuwa na aibu kidogo. Alisema kwamba baba wadogo wa bibi harusi walishagombana na mama kuhusu mpaka wa shamba na hawatakanyaga pale, na mama mwenyewe, kama nijuavyo, hawezi kusimama mbele. Anahitajika mzazi wa kumwekea binti mkono kichwani.

"Mama amekutaja wewe," akasema.

"Mimi? Kwa nini mimi?"

"Alisema wewe ni jirani, na mama wa hii nyumba alimlea huyo msichana kama wake."

Nilitaka kukataa. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba ni mtego. Niliona picha yote: nitasimama mbele ya kanisa lililojaa, mbele ya wageni wa Mautuma, mkono wangu juu ya kichwa cha binti, na mama atainuka kutoka nyuma na kusema kwa sauti ni nani aliyemfundisha. Angekuwa hana cha kupoteza tena. Mimi, nikiwa yeye, ningefanya hivyo hivyo. Lakini kukataa pia kungezua maswali, kwa hiyo nikakubali, nikapeleka suti yangu kwa fundi aikaze vifungo.

Siku ya harusi kanisa lilijaa mpaka watu wakakaa kwenye nyasi nje. Mjane alikuwa amevaa gauni la kitenge la rangi ya majani, amekaa nyuma karibu na mlango, na wamama wenzake, wote na vitambaa vyao, walikuwa wanageuka mara kwa mara kumtazama kisha wanafuta macho. Binti aliingia akapita kando ya mama yake. Alisimama pale. Hakuna aliyemwambia asimame. Alishika mkono wa mama kidogo, kisha akaendelea kuja mbele, kwangu.

Mchungaji aliposema, "Mzazi wa bibi harusi aje ambariki," nilitoka kwenye kiti. Niliweka mkono juu ya shela lake. Nilisema maneno ya baraka ambayo nimeyasema mara nyingi kwa watoto wa watu, na wakati wote huo nilikuwa nimeyakaza macho yangu kwenye mlango wa nyuma, nikingoja mama ainuke. Aliinuka kweli. Alikuwa ameinua mkono wake mmoja, kiganja kikitazama mbele, kuelekea kichwa cha binti yake, umbali wa kanisa zima. Midomo yake ilikuwa inatembea. Alikuwa anabariki. Nilipomaliza alikaa.

Baada ya kanisa tulikwenda kwake kula. Kulikuwa na obusuma, ugali wetu, na ingokho, kuku wa kienyeji, na mboga ya kunde, na wageni walikaa chini ya hema. Mjane aliniletea maji ya kunawa mwenyewe, akanimiminia polepole, na kwa vile watu walikuwa wameinuka kwenda kuwatazama vijana wakicheza, tulikuwa peke yetu.

"Asante, baba," akasema. "Umemsimamia mtoto vizuri."

Sijui kwa nini sikunyamaza. Labda nilikuwa nimechoka. Nikasema, "Mama, hebu niambie. Unajua kitu gani?"

Hakujifanya haelewi. Aliweka birika chini.

"Umekuwa unaniogopa tangu siku ya baraza," akasema. "Nilionanga tu. Mama aliniambia akiwa mgonjwa, ile wiki nilikuwa namlisha uji. Mistari nne, saa nne asubuhi, majani irudi ndani. Alikuwa analia. Aliniambia niombe na yeye, kwa sababu wewe ulikataa. Tukaomba sisi wawili."

"Basi kwa nini hukusema? Nilikuuliza mbele ya watu."

"Ningesema, wangekuweka nyuma pamoja na mimi." Alinipa kitambaa cha kujifuta mikono. "Sasa mtoto angesimamiwa na nani? Baba yake amekufa, mimi nimeshatengwa. Nilikuwa nabaki na wewe tu. Kula, chakula inapoa."

Akaenda kuhudumia watu wa Mautuma.

Sikuweza kula. Nilikaa na ile sahani mbele yangu nikiona wiki zote zile upya: ndizi zilikuwa ndizi, salamu zilikuwa salamu, na mazungumzo ya kwenye lango la kanisa yalikuwa ya kumwomba mchungaji anishawishi nimsimamie binti. Kumbe huyu mama alikuwa amepiga hesabu moja tu, ya binti yake, na katika hesabu hiyo alikuwa amenihifadhi mimi, mtu aliyempokonya mahali pake. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nililia pale mezani, na mgeni mmoja aliyepita akaniambia pole mzee, harusi zinatukumbushanga marehemu. Nikamwambia ndiyo.

Jumatano niliomba baraza likutane. Wote walikuja, wale wale, chumba kile kile. Nilisimama nikasema yote. Nilisema shamba letu, upepo, mayowe ya mke wangu, fomu niliyojaza kwa mwandiko mzuri, na jinsi mke wangu alivyotaka kutubu nikamkataza. Nilisema pia kwamba nilipotaja Jumapili nane sikuwa nafikiria moto wala jirani, nilikuwa nafikiria kufunga mdomo wa mtu. Sauti yangu haikuwa ile ya kanisa. Nilipomaliza nilibaki nimesimama, nikingoja kuambiwa niende nyuma.

Mzee aliyekaa karibu na dirisha akacheka, cheko la kirafiki kabisa. "Ndugu yangu," akasema, "hiyo ni ya zamani. Ni nani hapa hajachoma? Tukianza hivyo benchi ya nyuma haitatosha." Wengine wakacheka pia, mmoja akatazama pembeni. Mwingine akasema kwamba mama wa nyumba ameshalala na si vizuri kumsumbua kaburini. Mchungaji akasema maneno mazuri kuhusu ujasiri wangu, akatuomba tufumbe macho, akaniombea kwa dakika moja hivi. Tuliposema amina mambo yalikuwa yameisha. Chai ikaletwa, na mtu akanisogezea sahani ya mandazi.

"Na yeye?" nikauliza.

"Nani?"

"Mama. Tumwondolee basi. Kitambaa chake kiko kwenye hilo kabati."

Mchungaji alifungua daftari lake la kumbukumbu, akapitisha kidole. Kusema kweli alionekana kusikitika.

"Yeye amebakisha Jumapili mbili tu," akasema. "Tulishaamua, na waumini wanajua. Tukipunguza sasa watasema kanisa linaogopa watu." Alifunga daftari akanitazama kwa upole. "Na mzee, nane ulisema wewe mwenyewe."

Kikombe kilikuwa mbele yangu, wote walikuwa wananitazama kwa upendo, na mimi nikaichukua ile chai nikainywa.